Radio ya dijitali nyumbani: mlango mmoja hautoshi



Mwaka uliopita, siku moja ya soko, papa alirudi nyumbani na karto ndogo chini ya mkono. Juu ya karto iliandikwa kwa herufi kubwa: DIGITAL. Mwuzaji alikuwa amemwambia: "Muzee, hii ni radio ya kisasa, hainaga makelele." Papa akatoa pesa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya minerval ya dada yangu mdogo. Alisema moyoni mwake: nitairudisha nyuma kidogo, lakini habari za magharibi nitazisikia vizuri.

Magharibi ikafika. Tukakaa wote. Radio ikawashwa, tarakimu nyekundu zikang'aa kama macho ya paka, na makelele yakaanza. Makelele yale yale ya radio ya zamani. Papa akazungusha, akavuta antene, akasimama nayo karibu na dirisha. Hapana. Mwishowe akaniangalia mimi: "Weye unasomaka fizika. Digital ni nini? Niambie."

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu. Mama aliuza kuku wawili na maharagwe ili minerval itimie, na mimi nilirudi shuleni na haya. Nikamwuliza mwalimu wetu wa fizika, nikasoma, nikajaribu na yaya wangu vitu mbalimbali nyumbani. Makala hii ni jibu nililopashwa kumpa papa usiku ule. Naliandika kwa ajili yenu pia, kwani najua si papa peke yake aliyenunua karto ya namna ile.

1. TARAKIMU ZA NJE NA TARAKIMU ZA NDANI

Neno dijitali (kwa Kifaransa tunasema numérique) lina maana ya kitu kinachotumika kwa tarakimu, yaani kwa namba. Lakini namba ziko wapi? Hapo ndipo watu wanadanganyika.

Radio ya papa ina tarakimu usoni tu. Inaonyesha 98.5 kwa taa pahali pa mshale unaotembea juu ya mstari. Ni kitu kizuri, kituo unakipata upesi na hakitoroki. Lakini sauti inayotoka kwenye mnara wa FM, au kwenye mawimbi mafupi (ondes courtes), ni ya namna ile ile ya zamani. Wimbi linapanda na kushuka kufuata sauti ya msemaji. Kama njiani linachanganyika na radi, na moteri ya kinu, na taa mbaya ya jirani, basi yote yanaingia katika radio pamoja na habari. Tarakimu za usoni haziwezi kuyatoa.

Radio ya dijitali ya kweli ni ile ambayo sauti imegeuzwa namba mbele ya kutoka kule inapotangazwa. Kinachosafiri ni namba. Radio yako inapokea namba na kuzigeuza tena kuwa sauti.

Basi neno la kwanza la kukumbuka sokoni: usiulize "ni digital?" Uliza "inakamata nini, na inakamata kwa njia gani?" Kama jibu ni FM, AM na SW tu, hiyo ni radio ya kawaida, hata ikiwa na taa kumi. Kuinunua si zambi, ila ilipe kwa bei ya radio ya kawaida.

2. BABU ZETU NA LOKOLE

Mtu asiseme kwamba jambo hili ni la wazungu peke yao. Huku Congo, karibu na Kisangani, Walokele walituma habari kwa lokole, ngoma ya mti iliyochimbwa ndani. Lokole ina sauti mbili: moja ya juu na moja ya chini. Kwa sauti mbili hizo tu walitangaza kifo, mkutano na kufika kwa mgeni. Mmisionari mmoja wa Kibaptisti, John Carrington, aliyefanya kazi huko Yakusu, alijifunza kuipiga na akaandika kitabu juu yake mwaka 1949.

Sasa tazameni. Radio ya dijitali nayo ina alama mbili tu: 0 na 1. Sauti ya juu na sauti ya chini!

Tena kuna jambo lingine. Mpiga lokole hakutuma neno moja fupi, kwani maneno mengi yana kupanda na kushuka kwa namna moja, na msikilizaji angekosa. Alituma sentensi ndefu pahali pa neno fupi. Hata upepo ukichukua kipande, msikilizaji wa ngambo ya mto alipata maana yote. Radio ya dijitali inafanya hivyo hivyo. Inaongeza namba zingine ambazo kazi yake ni kusaidia kurudisha zile zilizopotea njiani. Ndiyo sababu sauti inafika safi.

Mtu anayepiga kelele toka kilima hata kilima, sauti yake inafifia polepole. Hiyo ndiyo radio ya zamani. Mtu wa lokole anasikika sawasawa, au hasikiki kabisa. Hiyo ndiyo dijitali. Ikiwa namba nyingi mno zimepotea, sauti inakatika mara moja, inaruka, kisha kimya. Wengine wanafikiri chombo kimekufa. Hapana. Ni nguvu ya mawimbi iliyoshuka chini ya kiasi. Kwa radio ya zamani ungesikia nusu ya habari ndani ya makelele, kwa dijitali hausikii kitu. Tutarudia neno hili mbele kidogo.

3. HESABU NDOGO KWA WANAOPENDA HESABU

Sauti inageuzwaje kuwa namba? Chombo kinapima wimbi la sauti mara nyingi sana. Kwa disko ya CD kinapima mara 44 100 kwa sekunde moja, kila kipimo kinaandikwa kwa alama 16 za 0 na 1, na kuna sauti mbili, ya kushoto na ya kuume. Fanya hesabu: 44 100 × 16 × 2 = 1 411 200. Ni alama zaidi ya milioni moja kwa sekunde!

Mzigo huo ni mzito. Kwa hiyo wataalamu walitafuta namna ya kuupunguza. Walijifunza kwamba sikio la mtu halisikii yote: sauti kubwa inafunika ndogo iliyo karibu nayo. Basi yale ambayo sikio halisikii, wanayaacha. MP3, iliyotengenezwa hasa Erlangen, Ujeremani, ni kazi ya namna hiyo. Kwa njia hizi, radio nyingi zinaweza kutuma alama 64 000 tu kwa sekunde. Hiyo ni mara 22 chini ya CD, na mtu anasikia habari vizuri.

Shikeni namba hii ya 64, itatusaidia kuhesabu pesa.

4. CHOMBO KINACHOJUA MLANGO MMOJA TU

Mbele ya kusema cha kufanya, niseme cha kuacha.

Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti moja iliyoitwa AfriStar ilirushwa toka Kourou, Guyane. Ilikuwa ya kampuni WorldSpace, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Etiopia. Nia yake ilikuwa nzuri: kuleta radio safi ya dijitali toka angani kwa Afrika nzima, hata katika vijiji visivyo na FM. Matangazo yakaanza mwaka 1999. Lakini ilihitaji radio yake yenyewe ya namna ya pekee, na radio hizo zilikuwa bei kali kwa mtu wa kawaida. Mwaka 2008 kampuni ikaingia katika hali ya kufilisika, na nyuma yake matangazo yakazimika. Wale walionunua walibaki na sanduku zuri lisilosema neno. Chombo hakikuharibika, lakini mlango wake ulifungwa, na hakikujua mlango mwingine.

Kuna DAB, radio ya dijitali ya Ulaya inayotoka minarani. Norwe ilizima FM ya vituo vyake vya taifa mwaka 2017, wakahamia DAB. Basi shangazi wa Ulaya anaweza kukutumia radio ya DAB kama zawadi. Mshukuru, lakini ujue kwamba minara tunayosikiliza huku nyumbani ni ya FM. Kama radio hiyo ina FM pia, itatumika kwa FM. Isipokuwa nayo, itakuwa pambo la meza.

Kuna tena DRM, inayotuma namba juu ya mawimbi mafupi, na inaweza kwenda mbali sana. Kazi yake ilianza mwaka 1998, na matangazo yake yalifunguliwa rasmi mwaka 2003. India imeitumia sana. Kwa fizika ni kitu cha ajabu, lakini radio zake ni chache na bei yake ni nguvu. Kwa mfuko wa mwanafunzi na wa papa, tuiache kwanza.

Fundisho ni hili: mwenye pesa kidogo asinunue chombo kinachojua mlango mmoja. Atumie kwanza kile kilicho tayari nyumbani.

5. MILANGO MITATU YA BEI NDOGO

Mlango wa kwanza: simu ya zamani.

Katika nyumba nyingi kuna simu yenye kioo kilichopasuka, ambayo yaya ameiacha kwa sababu amepata nyingine. Usiitupe. Ikiwa inaweza kushika intaneti, hiyo ni radio ya dijitali tayari. Karibu vituo vyote vikubwa vinatuma sauti yao kwa intaneti: Radio Okapi yetu, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002 na inayosema kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, RFI, yenye matangazo ya Kiswahili tangu mwaka 2010, BBC, inayosema Kiswahili tangu mwaka 1957, na Deutsche Welle ya Ujeremani pia. Kituo ambacho kwa mawimbi mafupi kinakuja na kwenda kama mgonjwa, kwa simu kinafika safi.

Tatizo ni mega. Tuhesabu. Alama 8 zinafanya okteti moja. Kituo kikituma alama 64 000 kwa sekunde, ni okteti 8 000. Saa moja ina sekunde 3 600. Basi:

8 000 × 3 600 = 28 800 000, yaani karibu mega 29 kwa saa.

Kituo kikituma 32 000, ni nusu: karibu mega 14 na nusu. Kikituma 128 000, ni mara mbili: karibu mega 58. Mtu anayesikiliza saa moja kila siku, kwa mwezi wa siku 30, atahitaji:

- kwa 32: karibu mega 432
- kwa 64: karibu mega 864
- kwa 128: karibu mega 1 728

Chukua bei ya mega kwa simu yako, fanya hesabu, kisha linganisha na bei ya mapile unayonunua kwa mwezi. Usikubali neno la mtu, hata langu. Pima wewe mwenyewe: angalia katika simu mega zilizotumika, sikiliza dakika 10, angalia tena, zidisha kwa 6. Umepata mega za saa moja.

Maonyo mawili. La kwanza: usisikilize radio kupitia video. Watu wengi wanafungua picha za habari, wanaweka simu mezani, hakuna anayeangalia. Picha inakula mega mara nyingi kuliko sauti, na wao wanashangaa kwamba mega zimeisha siku ya pili. Tafuteni sauti peke yake. La pili: ukimaliza, funga programu kabisa. Kupunguza sauti si kufunga. Radio ya mapile ukiisahau usiku unapoteza mapile. Simu ukiisahau usiku unapoteza mega za juma.

Sauti ya simu ni ndogo kwa nyumba ya watu wanane. Iunge na bafle ndogo kwa waya. Bafle isiyo na waya ni sawa pia, ila ina batri yake ya kuchaji. Na kama hamna bafle, weka simu ndani ya sufuria tupu au bakuli la udongo, mdomo wake ukitazama watu. Msicheke, jaribuni kwanza.

Mlango wa pili: parabole na dekoda.

Wengi hawajui kwamba parabole ya televisheni inaleta radio pia. Setilaiti inatuma namba tu, na kati ya namba hizo kuna picha na kuna sauti peke yake. Chukua telekomande ya dekoda: nyingi zina kifungo kilichoandikwa TV/RADIO. Ukikibonyeza, majina ya vituo vya radio yanatokea. Kama dekoda ni ya kulipia kila mwezi, itategemea mliyolipia. Kama ni dekoda ya vituo vya bure, hakuna cha kulipa kila mwezi, na hakuna mega.

Lakini televisheni inakula umeme! Ndiyo, basi izime. Andika juu ya karatasi namba ya kila kituo, bandika karatasi ukutani. Toa waya mwekundu na mweupe nyuma ya dekoda, uziingize katika bafle. Zile ni za sauti. Ule wa manjano ni wa picha, uuache. Sasa andika namba kwa telekomande na usikilize bila televisheni.

Tuhesabu nguvu. Tuseme dekoda na parabole zinakula wati 12. Kwa saa mbili za magharibi: 12 × 2 = 24 wati-saa. Panno ndogo ya jua ya wati 20, ikipata saa nne za jua zuri, inatoa 80, lakini njiani zinapotea nyingi, tuseme zinabaki 50. Zinatosha dekoda, na simu moja inachajiwa pia, kwani batri ya simu ya kawaida inashika karibu 15. Siku za mawingu msitegemee sana.

Huku kwetu, karibu na Ekweta, parabole mara nyingi inaangalia juu sana, kwani setilaiti hizo zinakaa juu ya mstari wa Ekweta, mbali kilometa karibu 36 000. Angalieni maji ya mvua yasibaki ndani yake. Mvua kubwa ikianza, sauti itaruka na kukatika. Ndiyo ile dijitali niliyosema, inasikika sawasawa au haisikiki. Msiparamie nyumba kugeuza parabole. Ngojeni mvua ipite. Na radi ikiwa karibu, ondoeni waya wa parabole katika dekoda, maana radi haiheshimu dekoda ya mtu maskini.

Mlango wa tatu: kadi ya memori.

Huu ndio wa bei ndogo kuliko yote, na ndio unaofaa shule. Vituo vingi vinaweka vipindi vyao kwenye intaneti ili mtu avichukue na kuvisikiliza baadaye. Mtu mmoja anavichukua mara moja, pahali penye intaneti nzuri, anavitia katika kadi ya memori, na kadi inatembea mkono kwa mkono. Tumeona kwamba saa moja ni mega 29. Basi kadi ndogo ya giga 8 inashika saa zaidi ya 270! Bafle nyingi za sokoni zina tundu la kadi, zinasoma zenyewe bila simu.

Habari ya leo haingojei kadi, ni kweli. Lakini mafundisho ya afya, ya kilimo, historia, lugha, mahojiano, hayo hayaozi kwa siku tatu. Darasa moja likitoa mtu mmoja kwa juma kufanya kazi hii, darasa zima litasikiliza kwa mega za mtu mmoja.

6. SIKU MLANGO UNAPOFUNGWA

Sasa nafika kwenye neno ambalo lilinifanya niandike.

Yaya alipomwonyesha papa simu na bafle, papa alifurahi sana. Siku ya tatu akasema: "Basi, hii radio ya zamani tuipe watoto waivunje, ichezee." Nikamwomba asifanye hivyo.

Kumbukeni. Uchaguzi mkubwa wa nchi yetu ulifanywa tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ilikatwa nchini. Ilirudi nyuma ya siku karibu 20, katika Januari 2019. Siku zile zile, sauti ya RFI kwa FM ilikatwa pia. Mtu aliyekuwa na simu tu, hata ya bei kubwa namna gani, alikaa gizani. Aliyekuwa na radio ya mawimbi mafupi alizungusha, akasikia makelele, na ndani ya makelele akasikia habari. Habari yenye makelele ni bora kuliko kimya safi.

Sisemi nani alikuwa na haki, si kazi ya makala hii. Nasema jambo la fizika na la nyumba. Kila mlango una mkono unaoweza kuufunga. Intaneti inahitaji mnara wa simu, umeme wa mnara, na mtu asiyeikata. Setilaiti inahitaji jua au umeme nyumbani, na mbingu isiyo na mvua kubwa. FM inahitaji mnara wa karibu. Mawimbi mafupi yanatoka mbali sana, hayahitaji mnara wa karibu wala mega, yanahitaji mapile mawili tu. Lakini nayo yanapungua: mwaka baada ya mwaka vituo vya ngambo vinafunga matangazo yao ya mawimbi mafupi kwa sababu ya gharama. Kwa hiyo hata mlango huo tusiutegemee peke yake.

Mtu mwenye akili hajengi nyumba yenye mlango mmoja. Moto ukianza mlangoni, atatokea wapi?

7. NAMNA TULIVYOPANGA NYUMBANI KWETU

Msomaji mmoja atauliza: mwishowe mlifanya nini? Hivi ndivyo.

Kila siku: radio ile ya karto, FM, kwa habari za mji. Haili mega. FM si dijitali, lakini ni bure, na bure ni neno tamu. (Hata simu ndogo nyingi zina FM ndani, ingiza waya wa masikio, maana waya ule ndio antene.)

Magharibi, nusu saa tu: simu ya zamani ya yaya na bafle, kwa habari za ngambo kwa Kiswahili. Kwa kituo chetu cha 64, nusu saa ni mega 14 na nusu. Kwa mwezi, mega 432. Papa mwenyewe anaandika mega katika kaye, pembeni ya hesabu ya mbuzi.

Siku ya Mungu nyuma ya chakula: kadi ya memori. Mama anapenda vipindi vya afya, dada yangu anapenda hadithi.

Siku intaneti haiko: mawimbi mafupi ya radio ile ile. Tulifunga waya wa shaba wa metre karibu 10 toka dirisha mpaka kwenye mti wa avoka, tukaushikisha kwenye antene. Makelele hayakuisha, lakini sauti iliongezeka. Radi ikisikika, tunautoa waya.

Parabole hatuna. Jirani anayo, na tulimwonyesha kifungo cha RADIO. Alikuwa na dekoda ile miaka mingi bila kujua. Sasa tunasikiliza kwake siku ambazo mega zimeisha, na yeye anachukua vipindi toka kadi yetu. Hiyo nayo ni mlango.

Kwa hiyo pesa tuliyoongeza ni ya bafle na ya kadi tu. Vingine vyote vilikuwa nyumbani. Kama tungalijua mapema, papa hangetoa minerval ya dada. Juzi nilimweleza neno kwa neno yale niliyoandika hapa: tarakimu za usoni, tarakimu za ndani, lokole, mega 29. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Kumbe mwuzaji hakunidanganya sana. Aliandika Digital kwa inje, na mimi sikuuliza ya ndani." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Siku ingine, nitaenda na weye ku soko."

Basi, wanafunzi wenzangu, mkienda likizo, papa na mama watawauliza vilevile. Msinyamaze kama mimi. Ingieni nyumbani, tazameni kilicho tayari, hesabuni mbele ya kulipa, na msitupe chombo cha zamani mpaka mmejua kitakachoshika pahali pake siku mbaya.

ZOEZI KWA MSOMAJI

Kituo kinatuma alama 48 000 kwa sekunde. Familia inasikiliza saa mbili kila siku, siku 30. Itahitaji mega ngapi? Mtu asiangalie jibu mbele ya kufanya.

Jibu: okteti 6 000 kwa sekunde, mega 21.6 kwa saa. Kwa saa 60, mega 1 296. Ikiwa ni nyingi kwa mfuko wenu, sikilizeni saa moja, na saa ya pili ifanywe na kadi.

Ni mimi mwanafunzi mwenzenu wa mwaka wa tano, Hesabu-Fizika.